REFA HAKUMWIBIA WANGILA

Refa hakumwibia Robert Wangila. Nalisema jambo hili mwanzoni kabisa, wasomaji wapenzi, ili wale wavulana wa Kidato cha Tatu Mashariki wasije wakadai kwamba nilizungukazunguka kama kuku mwenye kideri. Katika mjadala wa Chama cha Kiswahili muhula wa pili, hoja ilikuwa kwamba ndondi ipigwe marufuku humu nchini. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, nasi tulishinda kwa kura chache. Lakini mwenyekiti alipokwisha kufunga kikao, ubishi ulihamia nje kwenye mifereji ya maji, na hapo ndipo wasemaji wa upande wangu mwenyewe waliponikera. Eti Wangila aliibiwa na refa kule Marekani. Eti angeachiwa dakika chache tu angemmaliza yule jamaa. Eti alikufa kwa uchungu wa kuonewa! Nilipofungua mdomo nijibu, mmoja akaniambia, "Wewe msichana, ndondi na wewe ni wapi na wapi?" Kisha kengele ikalia. Basi jibu langu ni hili, na mhariri amenipa kurasa za kutosha.

Kwa wale wasiomjua huyu Wangila, nao ni wengi (kuna mtu mzima mmoja humu shuleni aliyeniuliza kama ni mbunge wa kule Bungoma), wacha nimweleze kidogo. Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi mwezi wa Septemba mwaka 1967. Alikuwa bondia wa uzani wa welta, yaani kwa ndondi za ridhaa za wakati huo mtu asiyezidi kilo 67. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika ilipofanyika nyumbani Nairobi, alipata nishani ya dhahabu. Mwaka uliofuata akaenda Seoul, Korea Kusini, kwa Olimpiki. Siku za mwisho za michezo hiyo akaingia fainali dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani, na katika raundi ya pili akamwangusha. Mfaransa huyo hakuwa bwege, maana baadaye, mwaka 1996, alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa. Lakini siku ile alilala chini akihesabiwa.

Nishani ya Wangila ndiyo dhahabu pekee ambayo Kenya imewahi kupata katika ndondi ya Olimpiki. Si wakati ule tu, hata leo. Hakuna aliyeipata kabla yake wala baada yake. Wakimbiaji wetu wametuletea dhahabu mpaka tumezoea, hata tunakasirika wakileta fedha. Mpiga ndondi ni mmoja tu.

Mwaka 1989 akaingia ndondi za kulipwa kule Marekani. Alipigana mara 27, akashinda 22 na kushindwa mara 5. Mkanda wa dunia hakuwahi kuuvaa. Halafu ikafika Ijumaa tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, katika hoteli iitwayo Aladdin, ambapo alipambana na David Gonzales. Raundi ya tisa refa Joe Cortez akaingia katikati, akasimamisha pigano na kumpa Gonzales ushindi. Wangila alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Akalalamika. Akamwambia refa kwamba yuko sawa, kwamba angeweza kuendelea. Akatoka ulingoni akitembea. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo, akaanguka, akapoteza fahamu. Jumapili tarehe 24 akafariki dunia, saa kama 36 baada ya pigano. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Sasa tazameni vizuri, enyi wanasheria wa mferejini. Mnasema alikuwa amesimama, alikuwa akiongea, kwa hiyo alikuwa mzima na refa alikosea. Mimi nasema kusimama na kuongea hakuthibitishi lolote. Mwalimu wetu wa biolojia alitueleza kwamba ubongo umo ndani ya fuvu ukiwa umezungukwa na majimaji, na kwamba kati ya ubongo na utando unaoufunika ipo mishipa midogo ya damu kama nyuzi. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, fuvu husimama lakini ubongo bado unakwenda, na vile vinyuzi vinaweza kukatika. Damu hutiririka polepole. Mtu hatambui kitu. Anaweza kuzungumza, kudai haki yake, hata kucheka, na huku damu inajaa ndani na kuukandamiza ubongo kwa sababu fuvu ni mfupa, halitanuki kama tumbo. Anapoanza kuumwa kichwa na kuona vitu viwili viwili, muda umekwisha kwenda.

Na kuna jambo lingine ambalo mwalimu alilisema kwa kupitia tu, nami sijaacha kulifikiria. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ukikatwa kidole, ubongo unapiga kelele. Ubongo ukiumia, nani atapiga kelele? Huyo ndiye mpiga mbiu mwenyewe. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba "bondia ndiye anayeujua mwili wake" ni kweli kuhusu mbavu na pua, lakini kuhusu kichwa si kweli asilani. Kumwuliza bondia aliyepigwa kichwani kama yuko sawa ni kama kumwuliza mlevi kama amelewa. Ndiyo maana wakawekwa watu wengine pale: refa, daktari na mkufunzi wa pembeni. Kazi yao ni kujua kile ambacho yeye hawezi kukijua.

Kama nina lawama kwa pigano lile, basi ni kwamba labda lingesimamishwa mapema zaidi. Nasema labda kwa maana mimi sikuwapo na hata wazazi wangu walikuwa bado hawajaoana. Lakini kumlaumu refa kwamba aliwahi! Hata, hilo siwezi kulimeza.

Najua wengi wenu hamna habari na uzani wa welta. Mkisikia ndondi mnawaza miamba: Muhammad Ali, George Foreman, Joe Frazier, Mike Tyson. Sawa, twendeni huko kwa miamba. Tarehe 1 Oktoba 1975 Ali alipigana na Frazier nchini Ufilipino, karibu na mji wa Manila. Walikuwa wamekutana mara mbili kabla, kila mmoja ameshinda mara moja. Siku hiyo palikuwa na joto la kutisha, na hawa watu wawili walipigana raundi kumi na nne kana kwamba wamelipiwa kuuana. Frazier macho yalikuwa yamevimba, haoni makonde yanatoka wapi. Imebaki raundi moja tu, ya kumi na tano. Ndipo mkufunzi wake, mzee Eddie Futch, alipokataa asiinuke kitini. Frazier alitaka kwenda. Alibisha. Mzee akasema basi, na ikawa basi. Ali akapewa ushindi, lakini hata yeye hakuwa na nguvu ya kusherehekea.

Frazier alifariki mwaka 2011, kwa saratani ya ini. Hesabuni wenyewe. Baada ya mzee Futch kumkatalia raundi moja, aliishi miaka 36 mingine. Wangila aliishi saa 36. Sisemi hesabu hizi mbili zina uhusiano wowote, ni sadfa tu, lakini tangu nilipozigundua zimenikaa kichwani.

Na Ali je? Ali tunamjua hata hapa kwetu, kwa sababu Februari 1980 alikuja Nairobi. Alikuwa ametumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani kuzunguka Afrika akiomba nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Kenya ikasusia. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo, akiwa na miaka 38, akarudi ulingoni kupigana na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Alipigwa raundi kumi, mfululizo, mpaka mkufunzi wake Angelo Dundee akalimaliza pigano. Raundi kumi ni nyingi sana, jamani. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, na aliishi nao hadi alipofariki Juni 2016. Madaktari hawakubaliani wote kwamba ni ngumi zilizoleta ugonjwa huo. Lakini sijasikia daktari hata mmoja akisema kwamba ngumi zilimsaidia.

Nimetaja kususia, na hapo sina budi kupinda njia kidogo, kwa sababu tukizungumza juu ya kuibiwa, kuna bondia wa Kenya aliyeibiwa kweli na hakuna anayemlilia. Jina lake ni Stephen Muchoki. Alikuwa mdogo wa mwili, uzani mwepesi kabisa. Alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 kule Christchurch, akaipata tena mwaka 1978 kule Edmonton, na mwaka huo huo wa 1978 akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Belgrade. Bingwa wa dunia! Lakini Olimpiki hakuiona. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, zilijitoa Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 tukasusia Moscow kwa sababu ya vita vya Afghanistan. Muchoki akaingia ndondi za kulipwa, na Novemba 1982 akagombea taji la dunia mjini Copenhagen. Santos Laciar wa Argentina akamshinda katika raundi ya 13. Huyo ndiye mtu wa kuandikiwa insha za "kuibiwa". Ile ya kwanza naikubali, maana ubaguzi wa makaburu ulikuwa jambo la kufa na kupona kwa Mwafrika. Ile ya pili hata baba yangu, ambaye hupenda kueleza kila kitu, hawezi kunieleza ilitufaidi nini.

Haya, turudi ulingoni. Mtauliza, kama ndondi ni hatari hivyo, kwa nini nilipinga marufuku? Mbona nisiseme tu ifungiwe, tukacheze voliboli?

Kwanza kwa sababu naipenda. Sioni haya kusema. Nimetazama fainali ile ya Seoul kwenye simu ya kaka yangu mara nyingi mpaka najua ni lini konde la mwisho linakuja. Na wale wanaosema si mchezo wa wasichana, wamwulize Christine Ongare aliyeleta nishani ya shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast mwaka 2018, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo katika ndondi.

Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, marufuku haitawagusa wale wanaopigana vibaya. Itawagusa wale wanaopigana vizuri. Ndondi ya ridhaa ina sheria. Pigano ni la raundi tatu za dakika tatu tatu. Daktari ni lazima awe kando ya ulingo, asipokuwapo hakuna pigano. Bondia akiangushwa kwa konde la kichwa akashindwa kuendelea, haruhusiwi kupigana wala kufanya mazoezi ya kupigana kwa muda usiopungua mwezi mmoja, na ikitokea tena karibu karibu, muda unaongezwa. Hata ndondi za kulipwa zimejifunza kwa misiba. Mwaka 1982 Mkorea Duk-koo Kim alikufa baada ya kupigana raundi kumi na nne kule Las Vegas na Ray Mancini, na baada ya hapo Baraza la Ndondi la Dunia likapunguza mapigano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Ukifunga ulingo wenye sheria, ngumi hazifungwi. Zinahamia mahali pengine.

Mahali hapo mimi napajua. Hapa ndipo mambo yanaponigusa.

Kaka yangu ana miaka 21. Alimaliza Kidato cha Nne, karo ya chuo haikupatikana, sasa anabeba magunia ya viazi sokoni, viazi vile vinavyoshuka kwa malori kutoka upande wa Meru. Jumapili mchana, badala ya kupumzika, anakwenda kwenye stoo moja iliyoachwa, mtaa sitautaja, ambako vijana hupigana ngumi za dau. Ulingo ni mstari wa chokaa. Glavu ni jozi mbili, zimepasuka, sponji inatoka. Kila mtazamaji anaweka hamsini au mia, na mshindi hupewa mia tano, siku nzuri elfu moja. Daktari hakuna. Raundi hazina hesabu, wanapigana mpaka mmoja akatae au asiinuke. Na refa, wasomaji wapenzi, refa ni yule yule anayekusanya dau.

Fikirini kidogo juu ya huyo refa. Akisimamisha pigano mapema, nusu ya watu watadai warudishiwe pesa zao. Faida yake iko katika pigano kuendelea. Hata angekuwa mtu mwema, na kaka anasema si mbaya, amewekwa mahali ambapo wema utamgharimu. Joe Cortez, yule mnayemtukana, hakuwa na dau kwa Gonzales wala kwa Wangila. Alikuwa na jambo moja tu la kutazama.

Mwezi wa Mei kaka aliangushwa. Sikuwapo, niliambiwa na rafiki yake aliyemleta nyumbani. Alilala chini kwa muda, akaamka, akamaliza pigano, akashinda! Mtaa mzima ukamsifu. Usiku ule alitapika mara mbili akasema ni mutura aliyokula njiani. Asubuhi hakuweza kutazama mwanga wa dirisha. Mama alimsihi aende hospitali, akasema atapoteza kibarua cha siku. Jumapili iliyofuata alikuwa stooni tena. Siku saba. Bondia wa ridhaa angezuiwa mwezi mzima kwa lazima, apende asipende.

Nilimwuliza, "Kaka, kwa nini yule mtu hakusimamisha ulipoanguka?"

Akanicheka. "We mtoto, akisimamisha si ataonekana ameniogopea? Kwani mimi ni mlaini?"

Baba naye, aliyekuwa akinywa chai, akasema mwanamume haondoki shambani kwa sababu ya umande. Mama hakusema kitu. Alichukua kikombe cha baba, ambacho hakikuwa kimekwisha, akaenda kukiosha.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba ubishi wetu wa mferejini haukuwa juu ya Las Vegas hata kidogo. Kaka yangu, baba yangu na wavulana wa Mashariki wanasema lugha moja. Kwao, mtu kusimamishwa ni aibu, na anayekusimamisha amekudharau. Na sisi sote tumelelewa hivyo. Tangu darasa la kwanza tunaimbiwa mvumilivu hula mbivu, tunaiandika katika insha, tunapewa alama. Mwaka jana katika mbio za nyika nilimwona msichana wa shule moja ya hapa jirani akikimbia huku ana homa, anayumba, midomo imekauka. Walimu wake walikuwa kando ya njia wakimpigia makofi, "Vumilia! Vumilia!" Alifika wa arobaini na kitu, akazirai kwenye utepe. Makofi yakazidi. Hakuna aliyeuliza kama kulikuwa na haja gani ya yeye kufika. Nawaheshimu wahenga, lakini mbivu huliwa na mtu aliye hai.

Watu wengine watasema basi shida ni umaskini, mpe kaka yako kazi ataacha ngumi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kaka hapigani kwa sababu ya mia tano peke yake. Nimemwona akiruka kamba uani alfajiri kabla ya kwenda sokoni, wakati hakuna mtu wa kumtazama wala wa kuweka dau. Ana mkono wa kushoto ambao hata mimi nisiye mtaalamu naona ni mwepesi. Angezaliwa Nakuru wakati wa Philip Waruinge, angekuwa na klabu. Waruinge alitoka huko Nakuru akapata shaba ya Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico, na huko huko akapewa Kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi bora kuliko wote, ingawa hata fainali hakufika. Mwaka 1972 kule Munich akaongeza fedha. Kwa jumla mabondia wa Kenya wameleta nishani saba za Olimpiki, na zote zilipatikana kati ya 1968 na 1988. Baada ya Wangila na Chris Sande, aliyepata shaba kule kule Seoul, hakuna. Tokyo mwaka 2021 tulipeleka wanne, pamoja na Elly Ajowi, polisi wa uzani mzito, ambaye pigano la kwanza tu alipangiwa Julio César La Cruz wa Cuba aliyekwenda kuchukua dhahabu. Wote wanne walitoka mapema. Paris mwaka 2024 hakwenda bondia hata mmoja.

Wazee husema vijana wa siku hizi ni laini. Nawakaribisha wazee hao stooni Jumapili waone ulaini. Ngumi zipo tele huku Embu na Meru. Uwanja wa Kinoru ulikarabatiwa kwa sikukuu ya Madaraka ya mwaka 2018, na Uwanja wa Moi hapa Embu ukakarabatiwa kwa ile ya 2023. Nimeingia vyote viwili, Kinoru nikiwa na mjomba wangu wa Makutano. Nyasi nzuri, viti vizuri. Ulingo sikuuona. Kijana wa hapa anayetaka kupigana kwa sheria itabidi apande gari mpaka Nairobi ajiunge na jeshi au polisi, na kijana anayetaka kupigana bila sheria itabidi atembee dakika kumi.

Kwa hiyo ombi langu si kwa serikali, kwa maana serikali haisomi jarida la Chama cha Kiswahili. Ni kwa walimu wetu, ambao najua wanalisoma hata kama ni kwa kutafuta makosa ya sarufi. Ukumbi wetu hukaa mtupu Jumamosi alasiri. Mwalimu wa michezo aliwahi kutuambia darasani kwamba alipigana ndondi akiwa chuoni, na ameonyesha kovu juu ya jicho lake mara nyingi kuliko tulivyomwomba. Mzazi mmoja wa shule hii ni afisa wa kliniki. Nimezungumza naye baada ya mkutano wa wazazi, akasema anaweza kufika Jumamosi mbili kwa mwezi akiombwa kwa barua. Siombi mashindano. Naomba mazoezi, na daftari moja ambalo ndani yake ataandikwa kila mtu aliyepigwa kichwani na tarehe atakayoruhusiwa kurudi, na mtu mmoja mzima mwenye kauli ya mwisho, asiyekusanya pesa ya mtu.

Kaka nimemwambia habari ya mpango huu. Alisema hawezi kufundishwa na mwalimu wa dada yake, watu watamcheka. Siku mbili baadaye akaniuliza, kama mtu asiyejali, huo ukumbi una taa za kutosha? Nikamwambia zinafanya kazi tatu kati ya nne. Na zile kamba nene zilizoletwa na mfadhili miaka ile, ambazo watu walidhani ni za kuvutana, nimezikagua. Ziko stoo ya michezo, nyuma ya nyavu za voliboli, na panya hawajazigusa.